Kikohozi Kilichozuiwa Mlangoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali hii, madaktari na wauguzi wetu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wagonjwa wenzangu wachache mlioruhusiwa kuingia: nawasalimu kwa heshima, ingawa leo uso sina.

Mimi ni fundi rangi. Nimeombwa nieleze jinsi matibabu ya saratani ya mapafu yalivyosonga mbele, na kweli yamesonga. Zamani ukiambiwa una ugonjwa huu, ulirudi nyumbani kuaga watoto. Siku hizi wanachukua kipande kidogo cha uvimbe, wanakichunguza, kisha kila mtu anatafutiwa dawa ya kumfaa: huyu vidonge, yule dripu ya kuamsha kinga ya mwili. Muuguzi anakupigia simu nyumbani kukuuliza umelalaje, maumivu yamepungua? Nani kati yetu alitegemea hayo?

Dripu ilinikubali mimi, niliyevuta sigara tangu sijaota ndevu. Ikamkataa jirani yangu wa kitanda, fundi viatu, ambaye hajawahi kuvuta hata moja. Haki iko wapi hapo? Sijui. Ninachojua ni kwamba siku ya dripu yangu ya kwanza nilitaka kutoroka, na ni yeye aliyenishika shati. "Kaa, bwana. Ukienda, mimi nitamcheka nani?"

Asubuhi ya leo kamati ya sherehe ilipita wodini. Ikamwomba fundi viatu abaki kitandani, eti apumzike, maana kikohozi chake kingevuruga hotuba. Ndugu zangu, tunafungua wodi mpya ya mapafu, na anayekohoa tunamficha. Lakini msiitazame kamati peke yake. Nilikuwa nimesimama palepale, nimevaa koti hili la kuazima. Aliniangalia. Mimi nikajifanya natengeneza tai.

Hakununa. Alisema tu, "Lete hivyo viatu, huwezi kutuwakilisha na vumbi." Akavipiga rangi amekaa kitandani, akipiga brashi kidogo, akitafuta pumzi, akiendelea. Ndivyo hivi mnavyoviona vinang'aa. Naona haya hata kutembea navyo.

Daktari wake anasema dawa za kupambana na uvimbe hazimsaidii tena, zimebaki za kumtuliza. Je, kutulizwa si kutibiwa? Na mtu atatulia vipi akisikia makofi ya wenzake ng'ambo ya ukuta, naye ameambiwa asionekane?

Mheshimiwa, nimepewa heshima ya kukata utepe pamoja nawe. Niwie radhi, sitaukata. Wodi ya zamani, alikolala, ni mlango wa pili kutoka hapa, kiti cha magurudumu kipo, na nguvu za kukisukuma ninazo kwa sababu yenu, madaktari na wauguzi, nami nawashukuru kwa moyo wote. Nikirudi naye, mkasi ni wake, kama bado atakubali kukaa na mimi.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi niliyepata nafuu. Akianza kukohoa, msikilizeni na yeye.