Kuta za Mudaka na Kuta za Nyangezi

Kusanyikeni, wanangu, mkae kimya kama watu wanaongoja Injili isomwe. Marcellin, usiegemee mlango. Anaclet, acha kutazama saa. Nawe Godelive, mama yao, nishike mkono, maana pumzi yangu imekuwa chache na neno hili limeninyima raha kwa wiki tatu.

Mnakumbuka mwaka wa 1996 bomu lilivyoangusha nyumba yetu ya matofali pale Muhumba, ukingoni mwa ziwa. Mimi seremala nilitafakari habari za Musa jangwani, jinsi Bwana alivyomwonyesha hema la mbao, kila ubao na ndimi zake za kuungia, lifunguliwe, libebwe, lisimamishwe tena, nikasema: hiyo ndiyo nyumba ya watu wanaokimbia vita. Nikamchorea mama yenu nyumba ya namna hiyo: chini nguzo fupi za mawe ili unyevu wa ziwa usipande, juu yake vipande ishirini na vinne vya kuta, vilivyokamilishwa karakanani, vikiumana kwa ndimi na vigingi bila msumari, maana upepo wa ziwa hula msumari kwa kutu. Nikavipa namba, ili watu wanne waisimamishe kwa siku mbili.

Agosti 1998 vita vikarudi kabla hatujaisimamisha, askari wakawa wanapikia mbao za watu. Ikabidi nizifiche. Hapa ndipo nilipokosa. Sikieni maungamo ya baba yenu. Nilijua mnagombania kiwanja kile cha Muhumba. Kwa hiyo Marcellin nilimpelekea kwake Mudaka kipande cha kwanza, cha tatu, cha tano, na kuendelea. Anaclet nikampelekea kwake Nyangezi cha pili, cha nne, cha sita, nikidhani kwamba mmoja asipoweza kusimamisha hata ukuta mmoja bila mwenzake, uhitaji utawapatanisha. Nilijifanya Mungu mdogo.

Miaka miwili sasa mama yenu analala katika ghala la parokia, kati ya magunia ya maharage. Nilipowatumia habari mvilete vipande, Marcellin ulijibu, “Papa, miye niko mukubwa, Anaclet alete za kwake kwanza.” Anaclet ukasema, “Aje aniombe.” Mama yenu akacheka: “Nyumba yangu iko na miguu mbili, moja Mudaka, ingine Nyangezi, siku itarudi, nitaiuliza ilikuwa inatembea wapi.” Alicheka, kisha akageukia ukuta. Tangu hapo silali.

Basi agizo langu. Kiwanja ni cha Godelive. Hati iko kwa padri. Kwa jeneza langu msitumie hata ubao mmoja wa nyumba ile. Nifungeni katika mkeka. Mkishanizika, Marcellin, usirudi Mudaka: nenda Nyangezi, ukabebe begani vipande vya mdogo wako. Nawe Anaclet, nenda Mudaka, ukabebe vya mkubwa wako. Kila mmoja abebe vya mwenzake, hata mkutane Muhumba, kipande kwa kipande.

Fungueni dirisha... hapana, risasi hizo, lifungeni. Bwana awalinde barabarani. Awape mikono yangu, asiwape kiburi changu. Godelive, usiniachie mkono.

Marcellin. Anaclet. Acheni kungojana. Geukianeni leo, mama yenu akiwa bado hai.