Simu Siyo Jembe

Walionizidi umri humu ukumbini, shikamooni. Nimetazama, mko wawili tu, na mmoja amesinzia. Ninyi wengine mnaoniamkia kwa macho, marahaba, nimeitika. Mungu aliyetufikisha salama atushikie na ndimi zetu, maana mwanamke wa umri wangu akipewa nafasi ya kusema, kumshusha ni kazi.

Mwenyekiti wetu ameniomba niwaeleze ninyi wenye mabanda na vibanda vya kazi ilikuwaje banda langu la ushonaji, hapa hapa Ushirombo, likafungwa miezi saba, na ilikuwaje likafunguliwa tena. Nitaeleza. Ila jina la aliyekosa na jina la aliyeumizwa hamtayapata kwangu. Siyo kwamba nimesahau. Mnanijua, nakumbuka hata majina ya ng'ombe wa mahari yangu, mmoja mmoja, na rangi zao. Hayo mawili ninayo, na yatakaa humu kifuani.

Mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, lakini namba zikiwa nyingi zinanichezea. Kwa hiyo nilipoanza kushona, kwa cherehani ya kukanyaga aliyoniachia shangazi, sikupima watu kwa futi. Nilipima kwa uzi wa pamba, ule mnene tuliousokota wenyewe mapajani. Bega fundo moja, kifua mafundo mawili, kiuno matatu, nyonga manne, na urefu wa gauni ni pale uzi unapokatwa. Mwishoni nafunga kipande cha kitambaa cha mwenyewe, natundika msumarini. Ukuta wangu wote ulikuwa nyuzi. Mtu akitoka safari ya mwaka mzima akisema, Mayu, yaani mama, nataka gauni kama lile la Pasaka, nainuka, nagusa ukuta, natoa uzi wake bila kuuliza.

Marehemu Nkwimba, mke wa katekista, kila mwaka alikuja na tumbo jipya, akininong'oneza nisogeze fundo la tatu lakini nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Leo nasema kwa kuwa ametangulia, na kwa kuwa yeye mwenyewe alipenda kuchekwa. Lakini fikirini: uzi wake ulining'inia pale miaka kumi na nne, watu wanaingia na kutoka, na hakuna aliyejua ni wa nani ila mimi na yeye. Enzi zile nilikuwa sijui kama hiyo ni hazina. Niliona ni uzi tu.

Macho yakaanza kunipotea. Nikaajiri mabinti watatu, mafundi kweli kweli, mikono myepesi. Wakaja na simu zao janja. Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi kama mtoto. Wateja wa machimbo, wale akina mama wa Katoro na Lunzewe, hawakuwa tena na haja ya kuja mara tatu. Wanatuma picha ya mshono, mabinti wanajibu. Vipimo vinaandikwa kwenye simu. Gauni likivaliwa kujaribiwa, linapigwa picha kuona limekaaje mgongoni. Nyuzi zangu nikazivua ukutani, nikazitia kwenye gunia, nikalisukuma chini ya kitanda.

Mkwe wangu, Mama Shija, aliniuliza siku moja wakati tunachambua mchele: "Mama, hizo simu wanazofanyia kazi ni za nani?"

Nikamwambia ni za kwao, kazi ni yangu, na mimi sina haja ya kununua kitu ambacho kila mtu anakuja nacho. Akasema kwa adabu kwamba labda tungeweka utaratibu. Nikamcheka. Nikamkumbusha enzi za pamba. Sisi tuliolima pamba tunajua: kibarua alikuja na jembe lake. Ukimwita mtu kupalilia, hukumuuliza jembe kanunua wapi wala analilaza wapi. Jioni analifuta, analiweka begani, anaondoka. Mimi nikaona simu nayo ni hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipoangukia. Jembe likirudi nyumbani linarudi na udongo tu. Simu inarudi na shamba zima.

Kulikuwa na mama mmoja, mtu wa kwaya, mtu wa heshima zake. Alikuja kujaribu gauni la jubilei ya parokia, akaingia nyuma ya pazia letu la kupimia. Zipu ilikuwa inakataa kukaa, kwa hiyo binti yangu mmoja, na ndiye aliyekuwa akikata vizuri kuliko wote, akampiga picha kwa nyuma, gauni likiwa wazi mpaka kiunoni, gagulo linaonekana. Akamwambia ni kwa ajili ya kazi. Na ilikuwa kweli ni kwa ajili ya kazi. Jioni akaenda nayo nyumbani.

Ile simu alikuwa akiishika yeye na mume wake. Mume ni mchimbaji. Asubuhi akaenda nayo duarani, kule shimoni kwao, mwenzake akaiazima arushiwe nyimbo, akaiona ile picha. Hakuniuliza mimi, hakumuuliza mwenye simu. Akaituma kwenye kundi lao la wachimbaji na maneno yake juu.

Siku ya mnada ile picha ikawa imefika sokoni kabla yetu. Yule mama ananunua dagaa, vijana wa pikipiki wanaguna. Anauliza kuna nini, wanatazama pembeni. Mpaka dada mmoja akamhurumia, akamwonyesha. Akaacha dagaa pale pale kwenye sufuria la muuzaji. Jumapili hakuja kwaya. Jumapili iliyofuata hakuja. Sauti ya tatu ikawa na pengo, na kila mtu alijua pengo ni la nani.

Mimi nilijua kwa njia ya vitambaa. Alikuja mteja mmoja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, anasema amebadili mawazo. Akaja wa pili. Wa tano hakusema hata sababu, alinyoosha mkono tu. Nikawaita mabinti, nikauliza. Yule mmoja akaanza kulia kabla sijamaliza.

Sasa ngojeni niwaambie aibu yangu mimi, maana ya mwingine siyo yangu kuisema. Nilimfukuza yule binti saa ile ile, mkasi ukiwa bado mkononi mwake. Nikatembea mji mzima nikisema: simu yake, mume wake, dhambi yake. Nilisema kisimani, nilisema mashineni, nilisema hadi kwenye matanga. Halafu nikavaa kitenge kizuri nikaenda kwa yule mama, kumpelekea habari kwamba nimeshamaliza tatizo.

Hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni, akaniamkia vizuri kama ilivyo desturi, nikaitika. Nikaeleza yote, nikamalizia na kumfukuza kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema taratibu:

"Mayu, mimi sikuvua nguo mbele ya simu. Nilivua mbele yako."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga kama mtu anayefunga kitabu cha sala.

Ndugu zangu, kutoka kwake mpaka kwangu siyo mbali, lakini siku ile nilipumzika mara mbili njiani. Kesho yake nikafunga banda. Wale mabinti wawili nikawaambia watafute pengine. Watu walidhani ni uzee.

Miezi ile sikuwa na la kufanya. Nikalitoa lile gunia chini ya kitanda, nikaanza kuzinyoosha nyuzi uani, moja moja, na kuwataja wenyewe. Huyu Kabula, alikuwa mrefu kama mtama. Huyu Nkwimba, na mafundo yake yaliyohamahama. Nikafika kwenye uzi mfupi kabisa, una kipande cha kitambaa cheupe. Nikaushika muda mrefu. Ulikuwa wake, yule mama, wa Komunyo ya Kwanza. Mama yake mzazi alimleta kwangu amemshika mkono, akasema, "Huyu nakuachia, nakwenda sokoni mara moja." Aliniachia. Na mimi nilikuwa nimezungusha mji mzima maneno ya simu ya binti, dhambi ya binti.

Nikaukunja ule uzi kwenye leso, nikarudi kwake. Safari hii sikuvaa kizuri. Nikamwambia pale pale mlangoni: kosa ni langu. Banda ni langu, pazia ni langu, kila kinachoingia nyuma ya pazia ni changu kukijua, na sikutaka kukijua kwa sababu kilinirahisishia. Nikampa uzi. Alikiangalia kile kipande cheupe, akasogea pembeni nikapita.

Hakuniomba kitu kikubwa. Alitaka niseme maneno yale yale mbele ya kwaya, siyo yeye aseme. Nikayasema siku ya mazoezi, wote wamekaa. Alitaka na ile picha ifutwe. Kwa hiyo nikaenda kumtafuta yule binti niliyemfukuza. Nikamkuta Katoro anauza vitunguu. Nilimwomba radhi, mimi bibi yake, mbele ya ndoo ya vitunguu. Tukaenda pamoja machimboni, mume wake akakusanya wenzake, mmoja baada ya mwingine akafuta mbele yetu. Sitawadanganya kwamba zote zilifutika. Zilizokwishaenda mbali zilikwenda. Lakini yule aliyeituma mwanzo alifika kwa yule mama akiongozana na baba yake mwenyewe mzazi, wakapiga magoti, na hilo mji uliliona.

Kufungua banda ndiyo ilikuwa kazi nyingine. Mwalimu Masanja wa sekondari alikubali kuja kukaa nasi, mimi na mabinti wote watatu, niliokwisha kuwaita warudi. Nilidhani atatuandikia sheria tuzibandike. Akasema sheria ya kubandikwa inasomwa na mijusi, tupange wenyewe. Tukapanga. Banda likapata simu yake, inalala bandani, wateja wote wanatuma huko, na fundi akiondoka, wateja hawaondoki mfukoni mwake. Gauni linapigwa picha likiwa kwenye henga, siyo mwilini mwa mtu. Simu zetu za nyumbani zinaingia kapuni, kapu lipo msumarini mlangoni, nje ya pazia. Ikitokea dharura umetumia ya kwako kwa kazi, unasema siku ile ile, na unafuta mbele ya mwenzako.

Mimi nikaongeza kwamba nitakuwa nazikagua simu zao kila Ijumaa. Limi, yule mdogo wao, mdomo wake hauna mlango, akasema, "Bibi, na wewe ukianza kupekua za kwetu, nani atakufukuza?" Wakacheka mpaka Mwalimu. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona ana haki. Na wao wana mambo yao yaliyo nyuma ya pazia. Tukaandika: bibi hapekui. Na wa kwanza kutia simu kapuni nikawa mimi, hiki kitochi changu, kikaanza kuita humo humo, ni Mama Shija anauliza kama tumekula.

Vipimo tukavirudisha kwenye uzi. Mabinti waliguna mwanzoni. Sasa wanafunga mafundo haraka kuliko mimi.

Wiki ya tatu, mteja hakuna, tunashona mashuka ya nyumbani kwangu ili cherehani zisikae kimya. Yule mama akaingia. Alitazama kapu. Akatoa simu yake kwenye pochi, akaitia humo bila kuambiwa. Akapita nyuma ya pazia. Mimi nikainuka na uzi, magoti yanalia. Akaniambia nikae. Akamwita yule binti kwa jina lake, akasema, "Njoo unipime wewe."

Binti alikosea fundo la kwanza, akakosea tena. Yule mama alisimama tu, mikono ameinyanyua, akasubiri. Nje ya pazia mimi nilikanyaga cherehani tupu, haina kitambaa, ili wasinisikie nalia.

Nawashukuru. Wabeja sana Mama Shija, uliyeniuliza swali nikacheka. Wabeja Mwalimu Masanja. Wabeja Limi kwa mdomo wako. Wabeja kwaya, mlioanza kuimba nilipomaliza kusema, bila kunihukumu. Na ninyi wenye vibanda vya kinyozi, wenye maduka ya dawa, wenye vibanda vya mama lishe, mnaofurahi kwamba kila mfanyakazi anakuja na chombo chake: mwulizeni jioni anaondoka na nini. Mwulizeni mapema, na kwa upendo, na chenu kiwe cha kwanza kapuni.

Nyuzi zimerudi ukutani. Kuna mmoja upo msumari wa kwanza ukiingia, mkono wa kulia, fundo lake la kwanza limekaa vibaya. Watu huniuliza huo ni wa nani. Nawaambia nimesahau. Na ninyi mnajua kama mimi husahau.