Ijumaa Bakuli Halikufika

Ndoa nyingine watu hujua zimepata ufa kwa makelele ya ndani, nyingine kwa macho mekundu ya asubuhi. Ndoa ya Rafique, kijiwe kiliijua kwa bakuli. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Nafisa mkewe alikuwa akituma bakuli la kalimati, limefunikwa kawa, mpaka kwenye benchi la kahawa la Mzee Aiuba, hapa Palma, pale chapa, zile basi ndogo za Kionga, zinapopakia abiria. Ijumaa hii bakuli halikufika. Alifika Rafique mwenyewe, kapakata pakiti ya masa, yaani unga uliokwisha kandwa kiwandani, ukagandishwa mpaka ukawa mgumu kama tofali. Kijiweni jina lake Sasahivi, kwa sababu simu ya nyumbani ikilia hujibu, "Sasa hivi nakuja," kisha huagiza kikombe kingine. Benchini alimkuta Hamido, aitwaye Dotoro, yaani daktari, kwa kuwa aliwahi kulinda lango la hospitali, na Latifo, aitwaye Satelaiti kwa kuwa hakuna habari ya dunia isiyompita juu ya kichwa.

— Bakuli liko wapi? — akauliza Dotoro.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam. Bakuli liko wapi?

— Nafisa kaenda Kionga, kwa mamaye.

— Kasafiri?

— Kaenda.

Satelaiti akatua kikombe chake. Kusafiri ni jambo moja na kwenda ni jambo jingine, na hilo hata yeye alilijua.

— Kaenda na mkoba au na sanduku?

— Na sanduku.

— Pole sana, bwana, — akasema Dotoro, huku akipatazama pale mezani ambapo bakuli lilikuwa likikaa. Ilikuwa vigumu kujua pole ile anapewa nani.

Rafique hakukaa. Alimgeukia Mzee Aiuba, aliyekuwa akipuliza makaa chini ya dele.

— Mzee, naomba jiko lako. Kwa mkwe haendi mtu mikono mitupu, na mama mkwe wangu anapenda kalimati. Nakaanga hizi, napanda chapa ya alasiri, namrudisha mke wangu leo leo.

— Nyumbani kwako hakuna jiko?

— Lipo. Sijui kiberiti anakiweka wapi.

Mzee Aiuba alimtazama, akaitazama masa, akaondoa dele jikoni kama mtu anayempisha maiti.

— Si wewe uliyesema hapa, Ijumaa iliyopita, — Dotoro akakumbusha, — kwamba kalimati si kazi? Unga, maji, mafuta, basi?

— Na ndiyo maana nimenunua iliyo tayari. Kazi yote imeshafanywa. Imebaki kutia kwenye mafuta.

— Tena ukasema mbele ya yule mtoto aliyeleta bakuli.

— Mtoto ana kazi gani na maneno ya wakubwa?

— Hana, — akasema Dotoro. — Kazi yake ni kuyapeleka tu.

Pakiti ilikuwa na picha ya mwanamke wa mbali, kacheka meno yote, na mbele yake sahani ya vidonge vya rangi ya dhahabu. Nyuma yalikuwapo maelezo ya Kireno kwa herufi za sisimizi, na chini yake picha ndogo: jua, saa ya ukutani, kisu, karai. Dotoro alijipa kazi ya kusoma. Alisoma picha.

— Jua: maana yake ikaangwe mchana. Sawa, ni mchana. Saa: inasema saa kumi, ndio wakati wa kula. Kisu, unakata. Karai, unakaanga. Epa, hata mtoto anaweza.

— Hiyo saa haisemi tungoje? — akauliza Mzee Aiuba.

— Tungoje nini, mzee? Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hiyo methali ilikuwa imepatikana sawasawa, ila matumbo yenyewe yalikuwa bado hayajaumia. Yangeumia baadaye.

Rafique akakata masa. Kisu kilikwama, kikatoka, kikakwama. Vipande vilitoka na pembe nne, kama sabuni ya mche. Mzee Aiuba akamiminia karai mafuta kutoka kwenye dumu alilolitoa chini ya meza, mafuta ya rangi ya chai. Rafique akatia vipande vyote kwa pamoja, maana chapa haimsubiri mtu. Barafu ikakutana na mafuta ya moto. Karai likapiga kelele, likarusha, na kijiwe kizima kikaruka nyuma ya benchi, Dotoro wa kwanza, ingawa ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote.

— Yametulia, — Satelaiti akasema baadaye kutoka nyuma ya mgongo wa Dotoro. — Sogea, mano, ndugu yangu, yamepoa.

— Mwenye kovu usidhani kapoa, — akajibu Dotoro, naye akabaki alipo.

Vilipotolewa, vipande vilikuwa vyeusi kama makaa yaliyovikaanga. Dotoro akatwaa kimoja, akasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, akauma. Akatafuna kidogo. Akaacha kutafuna.

— Nje kumeungua, — akatangaza. — Ndani kuna barafu.

— Tatizo ni nini? — akauliza Rafique.

Hilo ndilo swali ambalo kijiwe huliombea dua. Dotoro alipandisha mguu juu ya mguu.

— Tatizo ni mshtuko. Hii masa imetoka Pemba, ile ya huku bara, ndani ya jokofu, juu ya lori, usingizini. Inaamka, inajikuta Palma, tena kwenye mafuta. Hata mgeni wa kazi akija huku hupewa siku ya kupumzika. Hospitali tulikuwa tukiona hali kama hizi.

— Getini?

— Getini ndiko wanakopita wote, Satelaiti. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hii masa imetembea njia nzima ya Pemba.

— Hapana, — akasema Satelaiti. — Kosa si la masa, kosa la hewa. Tangu waanze kutoboa chini ya bahari kutafuta gesi, hewa ya mji huu imelegea. Unga unavimba kwa hewa. Hewa ikilegea, unga unalala. Mmeitazama mikate ya Ernesto siku hizi? Imelala.

— Mikate ya Ernesto imelala tangu hatujazaliwa, — akasema Mzee Aiuba.

— Basi walianza kutoboa zamani kisirisiri.

Rafique alitazama jua. Kivuli cha chapa kilikuwa kimeanza kutambaa kuelekea benchi. Utingo alikuwa akifunga magunia juu, na abiria wa kwanza, mwanamke mwenye begi la vitabu, alikuwa amekuja kununua kahawa akawa anangoja dele lirudi jikoni. Rafique akakata vipande vingine, vidogo zaidi. Akatia kimoja kimoja. Hivi navyo viliungua, ila polepole.

— Sasa nimeelewa, — Satelaiti akasema kwa sauti ya chini, akimtazama yule mwanamke kisha akiinama. — Hii masa ina senha.

— Ina nini?

— Senha. Namba ya siri, kama ya simu. Wanawake wamekubaliana na kiwanda. Masa inajua mkono. Akiishika mwanamume, inajifunga. Akiishika mwanamke, inafunguka, inavimba, inacheka kama huyo wa kwenye pakiti. Wamefanya hivyo makusudi, ili tusije tukajua kuwa ni kazi rahisi.

Dotoro aliitafakari. Unaweza kumtambua mtu anayetafakari upuuzi kwa jinsi anavyokunja uso zaidi kuliko anayetafakari jambo la maana.

— Inawezekana, — akasema. — Na Nafisa naye kaondoka kwa mpango huo huo. Kwanza wanakuuzia masa yenye senha, halafu wanaondoka na senha.

— Nafisa hakununua masa, — akasema Rafique. — Nimenunua mimi, baada ya yeye kuondoka.

— Unaona walivyojipanga?

— Mimi nadhani kilichomwondoa Nafisa ni jokofu, — Satelaiti akaendelea. — Wanawake wa siku hizi wanataka jokofu. Wahida wa jirani kapata, naye kaona.

— Au ni simu. Anatazama zile video za watu wanaocheza jikoni, akaona maisha yake hayachezi.

— Au ni upepo. Kuna upepo unatoka kisiwani Rongui, ukimpata mwanamke mchana, lazima aende kwao. Mjomba wangu ilimkuta hiyo. Mkewe alipigwa upepo, akaenda kwao, akaolewa na mwingine.

— Upepo huo huo?

— Huo huo, mano. Haukukata.

Walicheka. Rafique naye alicheka, kwa mazoea ya benchi, ambapo anayechekwa hucheka ili asionekane kuwa ndiye. Lakini nyumba alikuwa ameiacha asubuhi ina ukimya wa aina yake, ukimya uliofagiliwa. Nafisa alikuwa amefagia kabla ya kuondoka. Mtu anayeondoka kwa hasira hafagii, na hilo ndilo lililomtisha.

Alitoa vipande vya mwisho. Hivi vilikuwa afadhali: kahawia, vimepasuka kidogo juu, vinaweza kuitwa kalimati na mtu mwenye huruma. Akaviviringisha kwenye sukari, akavipanga kwenye bakuli la Mzee Aiuba, akakiuma kimoja. Akanusa kilichobaki mkononi.

— Mzee, mafuta haya jana yalikaanga nini?

— Mafuta ni mafuta, — akasema Mzee Aiuba.

— Mzee.

— Samaki. Lakini wazuri.

— Hakuna neno, — akasema Dotoro upesi. — Samaki mkunje angali mbichi. Mama mkwe ni mtu wa pwani, atajisikia nyumbani.

Utingo aliita Kionga, Kionga, mara ya mwisho kabla ya mara ya mwisho. Yule mwanamke mwenye begi la vitabu alikuwa amepata kahawa yake na kuimaliza kwa utulivu, akiwasikiliza. Jina lake Olinda, alisema alipoulizwa, mwalimu, mzaliwa wa Mueda, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kwenda Kionga kufundisha. Aliongea Kiswahili cha polepole, kila neno likipigwa mswaki kabla ya kutoka.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Satelaiti akamkaribisha. — Sinyora mwalimu, wewe ni mwanamke, tusaidie. Masa ina senha au haina?

— Sijui, — akasema Olinda. — Mimi nilikuwa nataka kuuliza kitu kingine. Samahani, kaka mwenye kalimati. Huyo dada alipokuwa anaondoka, alisema nini?

Palikuwa na kelele za chapa, na mbuzi mmoja juu ya magunia.

Dotoro alimtazama Satelaiti. Satelaiti alitazama juu, zilipo habari zake zote. Mzee Aiuba alianza kupangusa kikombe kilichokuwa kikavu.

— Alisema… — akaanza Rafique.

Alikumbuka yote. Alikumbuka Nafisa kasimama mlangoni jana, bakuli tupu mkononi, kanga ya kijani, unga kidogo kwenye kiwiko. Alikumbuka midomo ikienda. Ilikwenda kwa muda mrefu, bila kupaza, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika kwanza kichwani. Alikumbuka simu yake mwenyewe ikilia, Satelaiti akimwambia kahawa imeiva. Alikumbuka jibu. Jibu alilikumbuka vizuri sana, kwa sababu ndilo jina lake.

— Alisema kitu, — akasema.

— Aah, hilo tunajua, — akasema Dotoro. — Wanawake wanasema vitu. Swali ni kwamba masa…

— Hapana, — akasema Rafique, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Dotoro kukatizwa kwenye benchi lile na mtu ambaye hakuwa akiagiza kahawa. — Swali ni hilo lake.

Aliliweka bakuli mezani, mahali pale pale lilipokuwa likikaa lile jingine. Akapangusa sukari kwenye suruali, akaelekea chapa.

— Sasahivi, — Mzee Aiuba akaita, — unaacha kalimati? Mkono mtupu haulambwi.

Ndiyo methali iliyokaa mahali pake kuliko zote zilizosemwa siku ile, na ndiyo ambayo Rafique hakuisikiliza.

— Na kahawa yako bado ipo nusu, — akaongeza Satelaiti.

Mdomo wa Rafique ulifunguka kwa mazoea yake. Ulikuwa umeshafika "sasa" alipoufunga. Akapanda.

Alipata kiti cha dirishani, upande wa benchi. Mwalimu Olinda alikaa mbele yake, begi magotini, hakugeuka. Chapa ilikuwa bado inanguruma bila kwenda, kama kawaida ya chapa na ya watu wengine. Rafique alifumba macho, akaurudisha ule mlango, kanga ile, midomo ile. Alijaribu kuanzia mwanzo. Neno la kwanza lilikuwa jina lake, lile la nyumbani, si la kijiweni. La pili hakulipata.

Dirishani aliwaona na kuwasikia. Mkono wa Dotoro ulionekana ukienda kwenye bakuli, polepole, kwa heshima ya msiba. Akatafuna, akatikisa kichwa.

— Lakini huyu, — akauliza, — ni samaki gani?

— Changu, — akasema Satelaiti papo hapo.

— Changu hana mafuta hivi. Huyu nguru.

— Mimi ndiye niliyemkaanga, — akasema Mzee Aiuba. — Jodari.

— Jodari, mzee? Onja tena. Hii ladha ya jodari?

Wote watatu walikuwa wanaongea kwa pamoja. Rafique alimjua samaki yule tangu alipouma: tasi. Alijua kabisa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, kichwa kimeshaelekea dirishani, na ingekuwa siku nyingine angeteremka kabisa akalimalize suala lile kwa ushahidi, chapa ikaenda.

Akafunga kioo. Neno la pili lilikuwa karibu kuja.