Modesta Mwalongo, Aliyechagua Kukaa

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Makambako, mlioko Njombe mjini, na ninyi wa Lupembe mnaotusikiliza huku mkichuma chai, asanteni kwa kutufungulia redio. Leo tunamkumbuka Modesta Mwalongo, mfumaji wa masweta wa Kitandililo. Alifariki mwezi wa saba mwaka huu, akiwa na miaka thelathini na tisa. Wengi mlimwona barazani kwake, amekaa wima, hageuzi shingo. Wengine mlimwogopa. Leo tuwasimulie alichokuwa akikiogopa yeye.

Modesta alizaliwa Lupembe, mtoto wa kwanza wa Mama Priska. Alizaliwa na afya njema. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: vidole gumba vya miguu vilikuwa vifupi, vimepinda kwa ndani. Bibi yake akasema ni vya ukoo, yakaishia hapo.

Alipokuwa na miaka minane alianguka. Alikuwa amedandia ngazi ya lori la majani ya chai, mguu ukateleza, akaangukia mgongo. Hakuvunjika. Alilia kidogo, akanyamaza. Baada ya siku nne ukatokea uvimbe katikati ya mabega, wa moto, mkubwa kama kiazi. Wiki zikapita, uvimbe ukapoa, lakini haukuondoka. Siku moja Mama Priska alikuwa akimwogesha. Akaubonyeza kwa kidole. Akahisi mfupa, mahali pasipo na mfupa.

"Nilikaa pale mpaka maji yakapoa," anasema Mama Priska. "Ningeanzia wapi kusema mtoto wangu anaota mfupa mgongoni? Nani angenielewa?"

Walimpeleka hospitali. Madaktari wakahofia saratani, wakaukata ule uvimbe. Baada ya miezi miwili ulirudi, mkubwa kuliko wa kwanza, ukapanda hadi shingoni. Tangu hapo, Modesta akiitwa kwa nyuma alilazimika kuzungusha mwili mzima. Kijijini wakaanza kunong'ona kwamba anageuka jiwe. Wazazi wakawakataza watoto wao kucheza naye.

Akiwa na miaka kumi na minne alipelekwa kwa daktari mwingine, Njombe, Daktari Elius. Mama Priska alikwenda akijua mwanawe anakatwa tena. Nguo za kulazwa alikuwa nazo mkobani.

"Mama, mvue viatu," daktari akasema.

"Anaumwa mgongo, Daktari."

"Najua. Mvue viatu."

Alivitazama vile vidole gumba kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Mama, mtoto huyu asikatwe tena. Asichomwe sindano ya msuli. Na asianguke."

"Mpaka lini?"

"Maisha yake yote."

Wasikilizaji wapendwa, hapa tuelewane. Sisi sote, tulipokuwa tumboni mwa mama zetu, mifupa yetu mingi ilianza ikiwa gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Gegedu likageuka mfupa kidogo kidogo, tukakua, na mwili ukajua pa kuishia. Ukijigonga leo, msuli unapona unabaki msuli. Mwili wa Modesta haukujua pa kuishia. Msuli ukiumia, uligeuka mfupa. Mfupa wa kweli, wenye uboho ndani. Alama yake tangu kuzaliwa ni vile vidole gumba vya miguu, vifupi na vilivyopinda. Ni ugonjwa adimu sana, mtu mmoja hivi katika milioni moja au zaidi. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Lakini hauambukizi. Narudia: hauambukizi. Wala si uchawi.

Kuanzia siku ile, nyumba ile iliishi kwa hofu. Mdogo wake, Anneth, ndiye aliyepewa kazi ya kutembea mbele yake. "Niliondoa mawe, niliondoa maganda," anasema Anneth. "Kuku akikatiza tu miguuni pa dada, nilikuwa nimeshamfukuza." Hata hivyo mifupa iliendelea kuota, wakati mwingine bila jeraha lolote. Mabega yakafunga. Viwiko vikafunga vikiwa vimekunjika. Modesta akaacha shule kidato cha pili. Vidole vya mikono tu ndivyo vilivyosalimika, na kwa vidole hivyo akajifunza kufuma. Watoto wengi wa Makambako wamevaa masweta yake kwenda shule.

Anneth alipoolewa na Anthony na kuhamia Kitandililo, alihama na dada yake. Kisha akapata ujauzito. Daktari Elius aliwaambia ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza wenyewe bila kurithiwa, haukuwa ukimsubiri mtoto wa Anneth. Walimsikiliza, lakini hawakuacha kuogopa. Siku Anneth alipojifungua, Anthony alimpigia simu shemeji yake. Modesta hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume.

"Vidole?" aliuliza.

"Vimenyooka, shemeji. Vyote."

Anthony anasema hakusikia neno lingine, alisikia kilio tu. Mtoto yule ndiye Jasmine.

Jasmine akiwa na miaka miwili, wakati wa mvua, Modesta aliteleza kwenye tope akienda ibadani. Jioni nyonga zikavimba. Wote walijua maana yake. Daktari Elius alimpima, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Nyonga zinafunga, Modesta. Zikifunga hazifunguki. Sitaweza kuzizuia, ila wewe unaweza kuamua zikukute ukiwaje. Umekaa, au umesimama."

Anneth alitoka nje. 

Nyumbani, Modesta alijaribu. Siku nzima alisimama ameegemea mlango. Kesho yake akakaa kwenye kiti siku nzima. Jioni akamwita mdogo wake. "Nitakaa," alisema. "Nikisimama nitakuwa nguzo ya nyumba yako. Nikikaa nitafuma, nitakula mezani na ninyi, na Jasmine atapata mapaja ya kulaza kichwa." Wakampangia mito. Baada ya wiki saba, hakuweza tena kunyooka.

Miaka minane aliishi hivyo, na miaka minane alifuma. Mwaka huu mbavu zikaanza kufunga. Kifua hakikutanuka, pumzi ikawa fupi, na baridi ya mwezi wa sita ikamwingia. Hapo ndipo alipomwambia Anneth hofu yake kubwa. Haikuwa kifo. Alikuwa amesikia kwamba maiti iliyokunjika huvunjwa miguu ili itoshe kwenye jeneza.

"Mdogo wangu, wasinivunje."

"Hawatakuvunja, dada."

Anneth aliahidi, lakini anakiri hakujua kama ataweza. Yeye ni nani mbele ya wazee wa ukoo? Modesta alipofariki, asubuhi ya Jumanne, kweli mzee mmoja alisema jeneza la kawaida lipo, mwili unyooshwe. Alisema kwa upole, kama jambo dogo. Anneth akasimama mlangoni.

"Baba mkubwa, nakuheshimu. Lakini dada haguswi na mtu."

Mama Priska akainuka, akaenda kusimama pembeni ya Anneth. Mzee akatazama chini. Fundi seremala, Aloyce, akachukua futi yake. "Nionyesheni alivyokaa," akasema. "Nipeni mpaka kesho saa nne."

Alitengeneza jeneza refu kwenda juu, kama kabati. Walisafiri nalo hadi Lupembe, watu wakishangaa barabarani. Kaburi lilichimbwa pana na la kina. Modesta akazikwa amekaa.

Mama Priska, Anneth, Anthony na Jasmine, poleni sana kutoka kwetu sote. Nasi tunaobaki, tujiulize. Ni mara ngapi tumemvuta mtu mkono, tumemsukuma kwenye foleni, tumeunyoosha mwili wake tupendavyo bila kumwuliza? Hata tukidhani tunamsaidia. Mwenye mwili yupo. Aulizwe kwanza. Na akishindwa kusema, awepo wa kusimama mlangoni.