Maisha ya Mama Pulchérie, Aliyeulizwa Habari za Njaa na Mkwe Wake

Ndugu, jamaa, wakwe zetu, na ninyi wakubwa mliotoka Baraka, mimi Willy, mtoto wake wa kwanza, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya mama yetu, na nitayasoma yote.

Mama Pulchérie alizaliwa Kilembwe tarehe 14 Aprili 1966, akasoma shule ya msingi palepale hadi darasa la sita, tarehe 3 Agosti 1985 akafunga ndoa na baba yetu Darius, ambaye ametangulia, wakahamia Lubondja, Mungu akawapa watoto watano, tumebaki watatu. Kazi yake ilikuwa shamba, alilima mihogo na mahindi, na unga wake ulijulikana sokoni Baraka, mpaka mwaka 2023 watu wenye silaha walipoing'oa mihogo yote, hata ile changa.

Oktoba mwaka huohuo likaja shirika ambalo sitalitaja, kwa kuwa mkubwa wake ameketi hapa mbele kwenye kiti cha plastiki, likachukua vijana wa kijiji wenye diplome wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wanakula nini, na nyumba ya mama ikamwangukia Anatole, mume wa dada yetu Gentille. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mama mkwe hazungumzi habari za tumbo lake mbele ya mkwe, Anatole mwenyewe aliomba abadilishwe, akajibiwa kwamba swali ni swali. Basi alisimama nje akiangalia barabara, akauliza kama wiki ile kuna siku walilala bila kula, na mama, ambaye tangu juzi alikuwa anakunywa maji ya chumvi tu, akajibu kutoka jikoni: "Tunakula muzuri, mukwe wangu, tunashiba."

Nyumba nyingi ziliulizwa hivyohivyo, na Desemba ikatangazwa kwamba Lubondja inakula vizuri, malori ya unga yakatupita. Nilishuka Baraka kueleza, mkubwa huyu akaniambia: "Papa, chiffres zimeisha kufungwa, mungojee enquête ya mwaka yenye kuya." Hesabu ilifungwa, kuulizwa tena ni mpaka mwakani, na tumbo la mama je?

Januari 2024 miguu ikaanza kumvimba, tarehe 2 Machi tukambeba mpaka kituo cha afya, wakatuambia mwili hauna tena nguvu wala damu, na tarehe 21 Machi, alfajiri, akakata roho.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, majirani waliotugawia sombe, mboga ya majani ya mihogo, ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo ya kutosha, na wamama wenzake wa sokoni waliokuja kwa miguu. Anatole, wewe hatuna neno nawe. Mkubwa, kwako sina asante, na ukirudi ofisini usiandike kwamba ni ugonjwa.

Mama, heshima ya ukwe ilikufunga mdomo, leo mimi mwanao naivunja mbele ya wakwe wote: ulikuwa na njaa, na njaa ndiyo iliyokuua. Sasa pumzika, mama, amani ya Bwana iwe nawe.