Kamaludin Athmani na Pikapu ya Ukutani Kwetu

Bismillahi. Jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsomea hitima Kamaludin, Mungu awalipe kheri. Mimi mkewe, Mwanakhamis, niko edani, kwa hivyo maneno haya yanasomwa na mwanangu Khubaib. Maneno ni yangu. Shule sikupelekwa, nilisema, yeye akaandika, na kila alipotaka kulainisha nilimkataza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Athmani Shee, fundi wa milango, na Bi Mwanaidi Kombo. Akiwa na umri wa miaka tisa alifungua cherehani ya mamake yote, akaipanga mkekani, akairudisha. Ikashona vizuri kuliko mwanzo, ila skrubu moja ilibaki. Bi Mwanaidi aliiweka kwenye kikombe kabatini, na mpaka anafariki alikuwa akingoja cherehani hiyo ianguke vipande.

Alisoma madrasa na shule ya msingi hapa mjini, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Babake alitaka ajifunze kuchonga milango. Alijaribu miezi michache, lakini mkono wake ulipenda chuma, na Mzee Athmani hakuwa mtu wa kumlazimisha mtoto. Alimpeleka mwenyewe gereji, akamkabidhi kwa fundi.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa dereva na Bwana Qaidjohar, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na Ndia Kuu. Mwaka 1987 duka lilinunua pikapu ya dizeli, mpya, nyeupe, na marehemu ndiye aliyeitoa bandarini. Alibebea saruji, mabati, matangi ya maji, na vitanda vya maharusi wasiohesabika. Ilipofika mwaka 2001 kihesabu maili kilikuwa kimefika mwisho wake na kuanza tena sifuri. Bwana Qaidjohar akamwambia, "Kamaludin, hii gari iko zee kuliko mimi. Peleka kwa watu ya chuma."

"Bwana, mzee hapelekwi kwa watu wa chuma," marehemu akajibu. "Mzee hutunzwa."

Mkewe Bwana Qaidjohar, Bi Sugrabai, alikuwa juu ya ngazi akisikiliza. Akasema, "Mpe yeye! Yeye naongea na hiyo gari zaidi ya wewe naongea na mimi." Ndivyo pikapu ilivyokuja kukaa kwenye ukuta wa nyumba yetu, na hapo haijaondoka.

Marehemu hakuwahi kuipeleka gereji. Kila kitu alikifanyia hapo ukutani, juu ya gunia. Alibadilisha oili kabla haijawa nyeusi. Alifungua chujio la dizeli na kumwaga maji yaliyoingia kutoka vituo vya mafuta. Asubuhi aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, na ukimsalimia wakati huo hakujibu. Chumvi ya bahari ilipokula sakafu ya gari, aliziba kwa debe la samli alilolikata na kulinyoosha, na mpaka leo ukikaa kiti cha mbele utaona ng'ombe aliyechorwa kwenye debe anakutazama miguuni. Watu walicheka. Gari liliwaka.

Tulioana Ijumaa tarehe 6 Desemba 1991, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Mungu alitupa watoto wawili, Khubaib na Thuwaiba. Alikuwa mume mpole. Hakunipigia kelele hata siku moja, na alijua kumenya vitunguu.

Julai 2008 jirani yangu Mwanarusi aliniletea sahani ya halua. Nikala kipande, nikakisifu, nikamuuliza, "Harusi ya nani?"

Mwanarusi akanitazama. "Dada, ushakula?"

"Nishakula."

"Basi kaa chini. Ni ya mumeo, Ganjoni."

Alikuwa amemuoa Fadhiya. Sheria yamruhusu, sikatai. Lakini mimi nililishwa halua ya harusi ya mume wangu, na mtaa mzima ulijua isipokuwa mimi. Alipokuja jioni nilimwambia kuwa juu ghorofani kwangu hapandi tena. Akachukua nguo zake, akaenda.

Gari nalo likaenda, likarudi. Msimamizi wa nyumba za mtaa wa Ganjoni alikohamia hakutaka oili kwenye ua wake, na siku ya tatu tu alimfukuza marehemu na gunia lake. Hivyo kila Ijumaa asubuhi mume wangu alikuja kwenye ukuta wangu kutengeneza gari, nami nikawa juu dirishani, nikijifanya natazama barabara.

Sasa, kuna kazi ya gari ambayo mtu mmoja haiwezi, nayo ni kutoa upepo kwenye breki. Mmoja hukaa ndani akakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine hulala chini akafungua nati ndogo nyuma ya gurudumu, upepo ukatoka na mafuta kupitia mpira mwembamba, akafunga. Ndipo wa ndani aachie. Akiachia kabla ya nati kufungwa, upepo warudi ndani, na kazi yote yaanza upya. Ijumaa moja, adhuhuri ikikaribia, marehemu aliita wapita njia, kila mtu yuwakimbilia msikitini. Nikavaa buibui, nikashuka, nikaingia garini bila salamu.

"Kanyaga," akasema kutoka chini. Nikakanyaga. "Shika." Nikashika. "Achia."

Mwanarusi akapiga kelele dirishani kwake: "Mwanakhamis! Mume humtaki, breki yake waikanyaga!"

"Breki zikikatika atagonga watoto wa watu," nikamjibu. "Na wa kwako ndio hawatoki barabarani!"

Miaka kumi na sita tuliishi hivyo. Mengine tulizungumza kupitia watoto. Garini tulisema maneno hayo matatu.

Mwaka 2023 marehemu alipatikana na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu. Aprili 2024, baada ya Idi, Fadhiya alikuja kwangu mwenyewe. Hakuwa amewahi kugonga mlango wangu. Akasema, "Dada, ngazi za kwangu zimemshinda. Na yuwataka kuwa karibu na gari lake." Nilimwacha asimame mlangoni kwa muda. Kisha nikafungua chumba cha chini, mlimokuwa na spana, tukakisafisha sisi wawili. Fadhiya alimuuguza mchana, mimi jioni. Nasema ukweli mbele yenu: hakuwahi kuchelewa.

Shemeji yangu Abdulhalim alinijia mara nyingi. "Shemeji, mpe radhi ndugu yangu. Asiende kaburini na kinyongo cha mkewe."

"Aliyenikosea ana mdomo," nikamwambia. "Aniombe mwenyewe."

"Yuwaona haya."

"Alipooa hakuona."

Abdulhalim alikuwa na hofu ya kweli, na mimi pia, kwa sababu nilimwona mume wangu akipungua kila wiki. Radhi ya kuombewa na mtu mwingine sikuitaka, na yeye muda hakuwa nao.

Mwezi wa Januari mwaka huu breki za nyuma zilianza kuvuja. Marehemu hakuweza tena kulala chini, na hakutaka fundi. Nikamwambia, "Kaa ndani wewe. Nitashuka mimi." Akacheka mpaka akakohoa. Nikalala juu ya gunia na spana namba kumi, nikasema, "Kanyaga. Shika."

Akashika. Nikafungua nati. Ndipo nikasikia sauti yake kupitia lile debe la samli: "Mwanakhamis, nilikuficha. Nili..." Mafuta yakarudi ndani ya mpira.

"Kamaludin, umeachia!"

"Mguu umeniponyoka."

"Basi anza upya."

"Breki au maneno?"

"Vyote viwili. Kanyaga."

Akakanyaga. Safari hii alishikilia mpaka mwisho, na aliyasema yote: kwamba aliniogopa, kwamba aliona ni rahisi niambiwe na watu, na kwamba ile halua alikuja kujua baadaye kuwa nilikula. Akasema, "Naomba radhi kwa kukuficha." Nikafunga nati kwanza. Kisha nikamwambia, "Kwa kunificha, nimekupa." Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Uso wake sikuuona, wala yeye hakuuona wangu, na labda ndiyo sababu tuliweza.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa mbili asubuhi, katika chumba hicho cha chini, mimi nikiwa upande mmoja na Fadhiya upande wa pili. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, makaburi ya Kikowani. Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu yake, na Khubaib aliendesha taratibu.

Ameacha wajane wawili, Mwanakhamis na Fadhiya, watoto watatu, Khubaib na Thuwaiba, na Nuswaiba binti wa Fadhiya, wajukuu watano, na ndugu yake Abdulhalim.

Pale kaburini wanaume waliulizwa kama kuna anayemdai marehemu. Sisi wanawake hatukuwepo, hatukuulizwa, kwa hivyo najibu sasa. Ya kunificha aliniomba, na nilimpa akiwa hai. Ile miaka kumi na sita niliyokaa dirishani hakuniomba radhi. Nilingoja aiombe, siku zikamwishia. Basi Abdulhalim, lala usingizi: hiyo nampa leo, bila kuombwa. Simdai kitu. Mola amlaze panapo raha, na asimuulize tena juu yangu.