Taarifa ya Mtu Mmoja

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Mideva, keti hapa kitandani karibu na mama yako. Isaiah, vua hiyo kofia ya jeshi uiweke mezani, leo nataka kuzungumza na mwanangu, si na askari. Na wewe Eugene, asante kwa kuja, najua kilima cha kutoka kwako kinakuchosha na huo mguu wa bandia. Nimekuita kwa sababu jambo nitakalowaambia watoto ni lako kuliko lao.

Mnajua nilikuwa sajenti, na mnajua nilirudi hapa Malinya nikiwa koplo. Mama yenu aliniuliza mara moja kilichotokea, nikamjibu kwa ukali, naye hakuniuliza tena. Rosebella, nisamehe kwa siku ile.

Kule mpakani kazi yangu ilikuwa kukusanya habari. Watu tuliokuwa tukiwatafuta hawakuvaa sare. Walikunywa chai katika vibanda vile vile tulivyokunywa sisi, na ni wenyeji tu waliojua nani mgeni, nani kalala wapi, barabara gani imetegwa bomu. Basi nilikaa na wenyeji, nikajifunza salamu zao, nikajua majina ya watoto wao. Aliyenipokea kwanza ni Mzee Dekow, msimamizi wa kisima. Alikuwa akinimiminia maziwa ya ngamia kwa mkono wake mwenyewe, na mara mbili alimtuma mtu aniambie, "Shikanga, kesho msipite njia ya mashariki." Mara zote mbili tulikuta bomu limefukiwa.

Kisha mfanyabiashara mmoja akaja kuniambia kwamba Dekow anawaficha wapiganaji. Ilinipasa kuwauliza wengine wawili watatu wasiojuana, nilinganishe maneno yao. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini mkubwa wangu alitaka jina kabla ya jioni, nami nilitaka kuonekana hodari, nikaandika: habari imethibitishwa. Haikuwa imethibitishwa. Asubuhi yake wakamchukua mzee yule mbele ya wajukuu wake. Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Wewe ulikula kwangu."

Baadaye nikagundua kwamba mfanyabiashara yule aligombana naye juu ya zamu za kunywesha mifugo, basi. Kijiji kilikuwa kimeshatufungia midomo. Nikisalimu, wananijibu, nikiuliza, wanatazama mchanga. Wiki tatu zikapita hivyo, na ya nne, Eugene, ndipo gari lenu lilipokanyaga bomu.

Miaka kumi na mmoja nimekusikia ukisema watu wale waliliona likifukiwa wakanyamaza kwa roho mbaya. Nimekaa sebuleni kwako, nimekula obusuma, ule ugali wa mke wako, nikakuacha uamini hivyo. Walinyamaza kwa sababu yangu. Mtu aliyekuwa akitutumia onyo, mimi ndiye niliyemtia ndani.

Ngoja, niache nimalize, pumzi ni kidogo. Ulipokuwa hospitalini nilikwenda kwa mkubwa, nikaandika kwamba taarifa ile ilikuwa ya mtu mmoja na kwamba nilidanganya. Dekow aliachiliwa baada ya miezi saba. Mimi nikavuliwa cheo. Nilimfuata nyumbani kumwomba msamaha. Alinipa maji, maziwa hakunipa. Nikanywa, nikaondoka.

"Miaka yote hiyo, Philemon?" Ndivyo unavyoniuliza, Eugene. Niliogopa kukupoteza. Ukitaka kutoka nje, toka ndugu yangu, hakuna atakayekulaumu.

Isaiah, usilie, nisikilize. Umechaguliwa kwa kazi ile ile. Siku hizi mna ndege zisizo na rubani, mnasikiliza simu za watu, vizuri. Lakini ile ndege itakuonyesha mtu ameinama tu. Haitakuambia kama anasujudu au anafukia bomu. Atakayekuambia ni jirani yake, naye atakuambia tu ukimheshimu. Mlinde anayekuambia kuliko unavyolinda cheo chako. Na mkubwa akitaka jina nawe hujalithibitisha, mwambie sijui, afande. Aseme wewe mvivu. Aseme lolote.

Shamba mtaligawa sawa. Mideva atachukua upande wa mtoni, na asije mjomba yeyote kusema binti harithi, nimesema mimi mbele ya Eugene. Wachimba dhahabu wakija na maneno matamu, msiwaruhusu kutoboa shamba mama yenu akiwa hai. Mkinizika, sitaki mizinga wala bendera. Imbeni tu kama watu wa kanisani wanavyoimba. Na Isaiah, ukipangiwa kule, mtafute Dekow, au watoto wake. Usijitetee. Waambie mimi ni baba yako.

Rosebella, nipanguse jasho. Asante.

Njooni sasa, nyote wawili, inamisheni vichwa. Mungu awape usingizi mwema kuliko wangu. Awape watu wa kuwaambia ukweli, na... na masikio. Mideva, uzae, ulee. Isaiah, urudi nyumbani. Urudi ukiwa mzima, na wale utakaowakuta kule... nao wabaki wazima.

Nani ameshika bega langu? Macho yangu... Eugene? Nilidhani umetoka.

Huu ni mkono wako.

Usiuondoe bado.